Saa ya Sekunde 15 Katika Mchezo Usio na Saa

Ndugu walimu wa michezo, ndugu waamuzi, wachezaji, na ninyi nyote mliokuja kwa mapenzi tu ya besiboli, asanteni kwa kufika.

Mada yetu ni sheria mpya za mchezo huu, hasa zile zilizoanza Ligi Kuu ya Marekani, MLB, kuanzia mwaka 2020, na zaidi zile za mwaka 2023. Swali linaloulizwa kila mahali besiboli inapopendwa ni moja: sheria hizi zinaua mila au zinaiokoa? Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Sheria inayourudisha mchezo mikononi mwa wachezaji inalinda mila, hata kama imeandikwa jana. Sheria inayogawa kitu ambacho hakuna mchezaji aliyekitolea jasho inaivunja mila, hata kama inatuwahisha nyumbani.

Wengi wenu mmecheza rede, au mmewatazama dada zenu wakiicheza uwanjani. Rede haina dakika tisini. Inaisha pale wa katikati wanapokufa wote. Besiboli ni ndugu wa rede kwa hilo. Kila timu ina raundi tisa za kupiga, na kila raundi ina auti tatu, yaani wapigaji au wakimbiaji watatu kutolewa. Jumla auti 27. Mpaka auti ya mwisho ipatikane, mechi haijaisha. Timu inayoongoza kwa pointi kumi haiwezi kwenda kupoteza muda kwenye kona kama kwenye soka. Lazima mrushaji apande kilimani, kile kijiinuko cha katikati ya uwanja wa ndani, aurushe mpira, na mpinzani apewe nafasi yake ya kuupiga. Hiyo ndiyo roho ya mchezo, na ndiyo maana mtu aliposema "tuweke saa uwanjani", wazee wa besiboli walisikia kama mtu anataka kung'oa mlango wa msikiti.

Lakini tuangalie ni nini hasa kilichokuwa kinatokea. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mechi ya raundi tisa ilichukua kama saa mbili na nusu. Mwaka 2021 wastani ulifika saa 3 na dakika 10. Auti zilikuwa zilezile 27, na pointi hazikuongezeka kiasi cha kueleza dakika 40 hizo. Kilichoongezeka ni muda ambao mpira umekaa ndani ya glavu. Mpigaji anatoka kwenye boksi lake baada ya kila mpira, anafungua mkanda wa glavu ya kushoto, anaufunga, anahamia wa kulia, anagonga viatu kwa fimbo, anatazama mawingu. Mrushaji naye anazunguka kilima, anashika kile kifuko cha unga mweupe, anamtazama mdakaji, mwenzake anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kumpa ishara ya mpira wa kurusha, anakataa ishara, anakataa tena. Zamani watu wa namna hiyo walikuwa wachache hadi wakapewa majina. Mike Hargrove, mpigaji wa Cleveland, waliita ucheleweshaji wake sawa na mechi kusimamishwa na mvua. Miaka ya karibuni kila timu ilikuwa na Hargrove wake.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kitabu cha sheria kilikuwa tayari kinamtaka mrushaji aachie mpira ndani ya sekunde 12 pale besi zote, vile vituo anavyovizunguka mkimbiaji ili kupata pointi, zinapokuwa tupu. Sheria ilikuwepo kwenye karatasi. Hakukuwa na saa ya kuonekana, na hakuna mwamuzi aliyetaka kuwa wa kwanza kuisimamia mbele ya watu elfu arobaini. Kwa hiyo anayesema saa imeleta kitu kigeni, naomba afungue kitabu cha zamani kwanza.

Sasa saa yenyewe inafanyaje kazi? Iliwekwa kwanza kwenye ligi za chini, daraja la AA na AAA, mwaka 2015. Mwaka 2022 ikasambazwa ligi zote za chini kwa ukali, na mechi zikapungua kwa kama dakika 25. Ligi Kuu ikaichukua 2023. Kama hakuna mkimbiaji kwenye besi, mrushaji ana sekunde 15. Kama yupo, alikuwa na sekunde 20, na tangu 2024 zimekuwa 18. Saa inaanza kuhesabu mrushaji akiwa na mpira kilimani na mchezo uko tayari kuendelea. Ikifika 9, mdakaji awe ameshachuchumaa mahali pake. Ikifika 8, mpigaji awe ndani ya boksi, miguu yote miwili, macho kwa mrushaji. Kabla ya sifuri mrushaji awe ameanza mwendo wa kurusha. Si lazima mpira uwe umeshatoka mkononi, mwendo tu uwe umeanza. Mrushaji akichelewa, anahesabiwa boli, yaani kana kwamba ametupa mpira nje ya eneo la straiki, lile eneo la mbele ya mpigaji ambamo mpira unapaswa kupita. Boli nne zinampeleka mpigaji besi ya kwanza bure. Mpigaji akichelewa, anahesabiwa straiki, kana kwamba ameukosa mpira mzuri. Straiki tatu ni auti. Mpigaji anaruhusiwa kuomba kusimamisha saa mara moja tu kila anapokuja kupiga.

Adhabu hiyo inauma. Tarehe 25 Februari 2023, kwenye mechi ya maandalizi kati ya Atlanta Braves na Boston Red Sox, matokeo yalikuwa 6-6, mwisho wa raundi ya tisa, auti mbili, besi zote tatu zina watu, na mpigaji Cal Conley ana boli tatu na straiki mbili. Mrushaji akikosea mara moja, Braves wanashinda. Mwamuzi akasimamisha mchezo. Conley akaanza kutembea kwenda besi ya kwanza akidhani kosa ni la mrushaji na ameshinda mechi. Kumbe kosa lilikuwa lake: saa ilipita 8 akiwa bado hajamkabili mrushaji. Straiki ya tatu, mechi imeisha kwa sare. Watu wakapiga kelele kwamba mchezo umeharibika. Mimi naiona kama ada ya shule, na ililipwa mahali pake, kwenye mechi isiyo na alama. Msimu wenyewe ulipokwenda, makosa ya saa yalikuwa chini ya moja kwa kila mechi mbili. Wachezaji walijifunza haraka kuliko watabiri.

Matokeo ya muda mnayaona wenyewe. Wastani wa 2023 ulishuka hadi saa 2 na dakika 40. Mechi za raundi tisa zilizochukua saa tatu na nusu au zaidi zilikuwa 390 mwaka 2021. Mwaka 2023 zilikuwa 9. Maana yake ni kwamba mechi imerudi pale ilipokuwa wakati babu wa watazamaji wa leo walipokuwa vijana.

Lakini saa peke yake ingekuwa na tundu. Mrushaji mjanja angemaliza sekunde zake, kisha angejifanya anamrushia mkimbiaji kwenye besi ya kwanza ili saa ianze upya. Kwa hiyo wakaweka kikomo: kwa kila mpigaji, mrushaji anaruhusiwa mara mbili tu kutoa mguu kwenye kibao chake, kile anachokikanyaga kilimani, au kumrushia mkimbiaji. Akijaribu mara ya tatu lazima ampate. Asipompata, mkimbiaji anasogea besi moja bila kuguswa. Hesabu inaanza upya mkimbiaji akishasogea.

Hapa ndipo utamu mkubwa ulipo, naomba tukae kidogo. Kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe, ni vita ya sehemu za sekunde. Mrushaji mwepesi anahitaji kama sekunde 1.3 kutoka kuinua mguu hadi mpira kufika kwenye glavu ya mdakaji. Mdakaji mzuri anahitaji kama sekunde 2 kunyanyuka na kuufikisha mpira besi ya pili. Jumla ni sekunde 3.3. Mkimbiaji akiweza kuondoka hatua moja zaidi kutoka besi ya kwanza, amepata nusu ya ushindi. Zamani kilichomzuia ni woga wa kurushiwa mara sita mfululizo. Sasa akishaona mrushaji ametumia nafasi zake mbili, anajua mkono wa mwenzake umefungwa. Ongezea na besi zenyewe: zilikuwa mraba wa inchi 15, sasa ni inchi 18, pana kama sinia dogo. Umbali kati ya besi ya kwanza na ya pili umepungua kwa inchi 4.5. Inchi nne na nusu ni upana wa kiganja, na kwenye besiboli upana wa kiganja ndio tofauti ya auti na salama. Faida nyingine ya besi pana haisemwi sana: mguu wa mlinzi na mguu wa mkimbiaji sasa vina nafasi ya kukanyaga bila kukanyagana. Vifundo vingi vya miguu vilikuwa vinaharibikia pale pale besi ya kwanza.

Mwaka 2022 ziliibwa besi 2,486. Mwaka 2023 zikawa 3,503, na zaidi ya asilimia 80 ya majaribio yalifanikiwa. Ronald Acuña Jr. wa Atlanta aliutoa mpira nje ya uwanja mara 41 na akaiba besi 73 kwa msimu mmoja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake. Mwaka uliofuata Shohei Ohtani wa Los Angeles Dodgers akafanya 54 na 59. Mbio ni mila ya kale kabisa ya besiboli. Zilikuwa zimezikwa na mahesabu yaliyosema kuiba hakulipi. Sheria mpya imezifukua.

Anayesema sheria za besiboli ni za milele namwomba arudi nyuma nami dakika moja. Ile futi 60 na inchi 6 kati ya kibao cha mrushaji na besi ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, ambayo tunaitaja kama aya, iliwekwa 1893. Kabla ya hapo mrushaji alikuwa karibu zaidi. Mpira wa mate, yaani uliopakwa mate ili upinde njiani, ulipigwa marufuku 1920, na warushaji 17 waliokuwa wakiutegemea wakaachiwa waendelee nao hadi wastaafu. Mwaka 1968 warushaji waliwalemea wapigaji kiasi kwamba Bob Gibson alimaliza msimu akiruhusu wastani wa pointi 1.12 kwa raundi tisa, na kinara wa wapigaji kwenye ligi ya American, moja ya ligi mbili zinazounda MLB, Carl Yastrzemski, alipiga .301 tu, yaani kama mapigo mema matatu kwa kila majaribio kumi. Mwaka uliofuata kilima kikashushwa kutoka inchi 15 hadi 10, na eneo la straiki likapunguzwa. Hakuna aliyeandamana hadi leo akidai inchi zile tano zirudishwe. Na sisi wa soka tuna mfano wetu: kabla ya 1992 kipa aliruhusiwa kuudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na beki wake. Nani leo anataka kuurudia ule uchovu?

Sheria ya kuzuia kuhamisha walinzi, yaani kuwarundika upande ambao mpigaji hupenda kuupiga mpira, naipita haraka kwa sababu haijafanya makubwa. Inataka walinzi wawili wa ndani wawe kila upande wa besi ya pili, na wote wanne wasivuke ukingo wa nyuma wa udongo wa ndani mrushaji anapokuwa kwenye kibao. Mbinu yenyewe si mpya. Cleveland, chini ya Lou Boudreau, walimfanyia hivyo mpigaji hodari Ted Williams mwaka 1946. Wastani wa kupiga kwa ligi nzima ulipanda kutoka .243 hadi .248 mwaka 2023, kisha 2024 ukarudi .243. Tatizo la wapigaji halikuwa mahali walinzi waliposimama. Ni kasi na mzunguko wa mipira inayorushwa siku hizi, na hilo hulitibu kwa kumwambia mlinzi asogee hatua tatu.

Je, mtazamaji amepata nini? Mahudhurio yalipanda kutoka kama milioni 64.5 mwaka 2022 hadi milioni 70.7 mwaka 2023, na mwaka uliofuata yakapita milioni 71. Sitasema saa ndiyo sababu pekee, lakini mzazi mwenye mtoto wa miaka minane anajua tofauti ya mechi inayoisha saa tatu na dakika arobaini usiku na ile inayoisha saa nne na robo siku ya shule. Vilabu kadhaa viligundua kuwa watu wanaondoka kabla hawajanunua vya kutosha, vikasogeza mwisho wa kuuza bia kutoka raundi ya saba hadi ya nane.

Kilichopotea nacho nakitaja kwa heshima. Raundi ya tisa, besi zimejaa, uwanja mzima umesimama, ule ukimya wa kabla ya mpira wa mwisho ulikuwa unajengwa taratibu kama mkeka. Sasa saa inausukuma. Anayeandika karatasi ya alama kwa mkono, desturi nzuri sana ya besiboli, anainua kichwa na kukuta mpira mwingine umesharushwa. Na mazungumzo ya jirani kwa jirani yamefupishwa. Hiyo ni hasara ya kweli. Ningependa raundi ya tisa ipewe sekunde chache zaidi. Hata hivyo uchovu wa raundi nane zilizotangulia ulikuwa unamfanya nusu ya uwanja awe ameshaondoka wakati ukimya huo unafika.

Kuhusu mikono ya warushaji, chama cha wachezaji kililalamika mwaka 2024 kwamba kuwapunguzia muda wa kupumzika kunawaumiza. Ni hofu ya haki, kwa sababu kano ya kiwiko ikikatika, upasuaji na kupona huchukua mwaka mzima au zaidi. Ripoti ya ligi ya Desemba 2024 ilielekeza kidole kwingine: kukimbiza kasi, kukimbiza mzunguko, na kurusha kila mpira kwa nguvu zote. Naikubali hoja hiyo, lakini sekunde zisipunguzwe tena.

Sasa nije kwenye sheria ninayoipinga. Tangu 2020, wakati wa korona, mechi ikiwa sare baada ya raundi tisa, kila timu inaanza raundi ya kumi na mkimbiaji ambaye ameshawekwa besi ya pili. Mwaka 2023 ikafanywa ya kudumu kwa msimu wa kawaida. Huyo mkimbiaji hakupiga mpira, hakupewa boli nne, hakuiba chochote. Amewekwa. Mpigaji wa kwanza anagusa mpira taratibu chini, mkimbiaji anasogea besi ya tatu, wa pili anaupiga juu uwanja wa nje, pointi imeingia. Hakuna pigo hata moja la kweli, na mrushaji aliyefanya kila kitu sawasawa amepoteza mechi. Faida ya kumaliza mapema naielewa: inaokoa mikono ya warushaji wa akiba. Ila tazameni MLB wenyewe wanavyofanya jambo likiwa zito. Kwenye michezo ya mtoano hawaitumii. Tarehe 27 Oktoba 2025, mechi ya tatu ya fainali kati ya Los Angeles Dodgers na Toronto Blue Jays ilikwenda raundi 18 hadi Freddie Freeman alipoutoa mpira nje na kumaliza 6-5. Saa sita na dakika 39. Ohtani alifika besi mara tisa usiku ule. Saa ya sekunde 15 ilikuwepo mechi nzima na haikumnyima mtu chochote. Mkimbiaji wa bure angetunyima vyote.

Mwaka 2026 limeingia jambo jingine, rufaa ya straiki kwa kamera. Mwamuzi anaendelea kuita kama kawaida, lakini kila timu ina rufaa mbili, na ukishinda unabaki nayo. Wanaoruhusiwa kukata rufaa ni mpigaji, mrushaji na mdakaji tu, papo hapo, kwa kugonga kofia yao, bila msaada wa kocha. Eneo la straiki ni upana wa besi ya nyumbani, inchi 17. Juu ni asilimia 53.5 ya urefu wa mpigaji, chini asilimia 27. Korea Kusini wao tangu 2024 wamekabidhi kila mpira kwa mashine. Njia ya rufaa naipenda zaidi kwa sababu ya mdakaji. Mtazameni mdakaji mzuri kwa karibu: mpira unakuja chini ya goti, glavu inatangulia chini yake, kisha inaupokea ikipanda, kwa utulivu, inasimama kwenye ukingo wa eneo kana kwamba mpira ulitaka kufika pale tangu mwanzo. Ni ufundi wa miaka. Mashine ikiita kila kitu, ufundi huo unakufa siku hiyohiyo. Kwa rufaa mbili tu, unaishi, na juu yake unaongezeka ufundi mpya wa kujua lini ugonge kofia.

Namalizia na viwanja vyetu. Dar es Salaam tuna uwanja wa pale Azania, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani na kupewa jina la Koshien. Uganda wamefika mbali zaidi: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walicheza fainali za dunia za Little League, ligi ya watoto, kule Pennsylvania, na baadaye vijana wao wakasaini na vilabu vya MLB. Sheria zipi tuchukue?

Kwa watoto wa miaka 12 kushuka chini, kikomo cha kumrushia mkimbiaji hakina kazi, kwa sababu sheria za Little League hazimruhusu mkimbiaji kuondoka besi kabla mpira haujamfikia mpigaji. Saa ya ukutani hamhitaji. Mpeni mtu mmoja saa ya kusimamisha, asimame nyuma ya uzio, ahesabu sekunde 20, na zikibaki 8 aite kwa sauti "nane!". Wiki mbili za kwanza ni onyo tu, bila straiki wala boli. Makosa mengi mtakayoyaona hayatakuwa ya mrushaji. Yatakuwa ya mdakaji anayechelewa kurudisha mpira na mpigaji anayesubiri maelekezo ya kocha kila mara. Kocha atoe ishara moja wakati mpira unarudishwa, basi. Mkimbiaji wa bure msimweke. Jua likizama mechi ni sare, na Wajapani hucheza sare hadi leo baada ya raundi 12.

Na anayeshika saa ashike pia kalamu. Mtoto wa miaka 11 au 12 asizidishe mipira 85 kwa siku, na akifika 66 apumzike siku nne. Hesabu hiyo iandikwe mpira kwa mpira, kwenye daftari linalobaki uwanjani, ili kocha wa kesho alione.